Joka la Vichwa Viwili na Msiba wa Nyamwiza

JAMANI, BUZEBAZEBA WATU WAMEKAA MATANGA NA MAREHEMU MWENYEWE NDIYE ALIYEPIKA CHAI! Tena chai ya tangawizi, imeiva, watu wanaongeza kikombe, na marehemu anapita katikati yao anauliza, "Sukari imetosha?" Nyie, sijawahi!

Haya, nitulie. Nianze na huyu kaka, maana bila yeye hakuna marehemu wala chai.

Anaitwa Elinipa. Mpare wa Same, ana miaka ishirini na tisa, kaletwa Kigoma na kazi. Ni afisa vipimo. Yule mtu anayetokea sokoni na begi lenye mawe ya mizani, anaweka jiwe kwenye mizani yako, anainama kuangalia mshale, anaandika. Akipita soko la Mwanga, watu wote wanakuwa na adabu ghafla, hata mwenye kelele anauza kwa kunong'ona. Ndiyo maana kila mtu anamjua na hakuna anayemtembelea. Nani amkaribishe afisa vipimo chakula, aje akupimie wali?

Basi anakaa peke yake. Chumba na sebule, amepanga kwa Mzee Pastory pale Buzebazeba. Ana sufuria mbili, kiti kimoja cha plastiki, na mlangoni jozi moja ya kandambili. Akisonga ugali unazidi kila siku, miaka miwili sasa, kwa sababu kupika alijifunza kwao na kwao walikuwa tisa. Mkono haujui kusonga wa mtu mmoja.

Kitu alichonacho ni mchezo. Alijifunza chuoni Dodoma, na rafiki yake Walter na wenzao. Sikiliza, ni rahisi. Mnakaa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia mpo wapi, mnaona nini, na maadui wote yeye ndiye anayewachezesha. Nyie wengine kila mtu ana mtu wake mmoja wa kubuni, ana jina, ana silaha, ana namba zake za uhai. Unasema unachofanya, unarusha dadu mbili kama za ludo, dadu zinaamua kama umepata au umekosa. Ukipigwa, uhai unapungua. Ukiisha, umekufa. Hakuna ubao wala karata, ni midomo na dadu tu. Sheria zote Elinipa kaziandika mwenyewe kwenye kaunta buku, mwandiko mdogo kama wa daktari mwenye huruma.

Wenzake wa chuo walitawanyika. Grupu lao la simu lipo bado, meseji ya mwisho ni ya mwaka jana, Walter anauliza nani ana chaja ya kuazima.

Alipofika Kigoma alijaribu na wenzake wa kazini. Walikuwa watatu. Akawawekea joka pangoni, na kwa furaha yake ya kupata watu akalipa nguvu kama amechanganyikiwa. Wote watatu wakafa ndani ya robo saa. Wakacheka, wakasema mchezo mzuri kaka, tutarudia. Jumamosi iliyofuata walikuwa na mpira wa kuangalia. Na iliyofuata. Mpaka leo wana mpira. Elinipa akashika somo moja tu: ukiwaua watu, hawarudi.

Mwaka ukapita akicheza peke yake. Pande zote mbili! Maharage ndio watu, kizibo cha soda ndio joka.

Sasa Mama Wema. Jina lake Eufrasia, lakini ukimwita hivyo anaangalia nyuma kama unamwita mwingine. Anauza dagaa pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, ana sauti ya kuamsha kijiji. Elinipa alikwenda kukagua mizani yake, akakuta imelegea gramu hamsini. Akamwelekeza taratibu, hakumpigia kelele, akamsubiri aitengeneze. Mama Wema akaona begi liko wazi, dadu zinachungulia.

"Shikamoo zako zote hizi, kumbe unacheza kamari, baba?"

"Si kamari, mama. Ni joka."

"Joka gani?"

Ndivyo ilivyoanza. Mama Wema akamvuta Shadia, fundi cherehani wa Mwanga, ambaye ana meza ndefu ya kukatia vitambaa. Shadia akamvuta Yona wa bodaboda, ambaye hakuvutwa sana, alikuwa pale pale anasubiri suruali. Mama Wema akajiita Nyamwiza, mpiga mkuki. Yona akajiita Chuma cha Mwandiga. Shadia mtu wake anarusha sindano zenye dawa, na ole wako umwite mchawi.

"Ni mganga," anasema Shadia. "Mchawi ni wewe na pikipiki yako isiyo na breki."

Walikuwa hawachezi kila wiki. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa, kwa hiyo giza likiwepo Mama Wema haonekani, yuko mwaloni anaanika. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inalala, ndipo anapata Jumamosi. Kwa hiyo Elinipa akawa mtu wa kuangalia mwezi kama mvuvi. Anatoka nje kufua anaangalia juu. Mzee Pastory akadhani kijana ni mcha Mungu sana.

Na sasa tufike kwenye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo kila kitu kinapokaa.

Joka moja dhidi ya watu watatu si sawa, hata joka liwe kubwa kama meli. Kwa nini? Kwa sababu kila mzunguko watu wanapiga mara tatu, joka linapiga mara moja. Linazungukwa kama mwizi sokoni. Ukiliongezea nguvu ya kipigo, sasa likipata mara moja tu mtu anakufa kabla hajafanya kitu, na hiyo nayo si haki, ni ajali ya gari. Elinipa aliumiza kichwa wiki nzima. Akipanda daladala... hapana, akitembea kwa miguu anahesabu kwa vidole. Mwisho akapata: usiongeze nguvu, ongeza kichwa! Vichwa viwili, kila kimoja kinauma kwa zamu yake, na kila kimoja kinauma kidogo. Akakaa na maharage yake akapigana peke yake mara ishirini kwa kila joka. Kwa kichwa kimoja watu walishinda kumi na tisa. Kwa vichwa viwili watu walishinda kumi na moja, joka tisa. Akasimama chumbani akapiga makofi. Peke yake. Mizani imetulia, mshale uko katikati!

Tatizo likawa mezani. Mezani pana watu, na watu si maharage.

Kila kichwa cha joka kilipopata sawasawa, Elinipa aliona kiti kitupu cha Jumamosi ijayo. Alikuwa anarusha dadu za joka nyuma ya kaunta buku, kalisimamisha kama ukuta. Anachungulia. Anasema, "Limekosa."

Limekosa. Limekosa tena. Limekwaruza kidogo tu.

Mwanzoni walishangilia. Baadaye Yona akaanza kuangalia simu. Shadia akawa anapinda pindo la sketi huku anapigana na joka, hebu fikiria. Mama Wema peke yake ndiye alikuwa anamwangalia Elinipa usoni, kama anavyomwangalia mteja anayebonyeza dagaa bila kununua.

"Baba," akasema siku moja. "Hili joka lina vichwa viwili?"

"Ndiyo, mama."

"Na lina njaa?"

"Sana."

"Linakula nini sasa, upepo?"

Yona akaangua kicheko. Elinipa akarusha dadu, akachungulia, akasema limekosa. Na kabla hajazikusanya, Mama Wema akanyoosha mkono wake ule wenye magamba ya samaki, akaliinua kaunta buku kama anayefunua sufuria.

Sita na sita.

Nyie!

"Sita na sita," akasema Mama Wema. "Kwenu Same hii inaitwa kukosa?"

"Mama, nilitaka tu..."

"Wewe si ndiye ulikuja Kibirizi ukaniambia mizani yangu imelegea gramu hamsini? Nilibisha? Nikaitengeneza mbele yako. Leo unanipimia mimi ushindi wa hewa, kama mtoto anayepewa pipi asilie?"

"Anatuonea huruma," akasema Shadia, na hiyo ilimchoma Elinipa kuliko yote. Alitaka kusema ninyi ndio mnaonionea huruma mimi, mkiondoka sina mtu, mji mzima huu sina mtu. Akabaki anafuta dadu kwa kidole gumba.

Mama Wema akachukua mfuniko wa sado, ule wa ndoo ya kupimia, akaupigiza katikati ya meza. "Wiki ijayo dadu zote hapa, kila mtu anaona. Ukificha tena, mimi siji. Afadhali nife."

Na Jumamosi ile ikaja, ya mwisho kabla ya giza.

Ilikuwa vita, jamani. Dadu zinalia kwenye mfuniko, ta-ta-ta, watu wote vichwa chini kutazama. Joka likamng'ata Chuma cha Mwandiga, uhai wake ukabaki mbili, Yona akasimama juu ya kiti kwa hasira. Shadia sketi kaitupa. Mbinu zikawatoka ambazo hawakuwahi kuzifikiria, maana sasa kulikuwa na sababu ya kufikiri. Mwisho wakaona hawawezi, inabidi wakimbie, na mdomo wa pango ni mwembamba.

"Tokeni," akasema Mama Wema. "Nyamwiza anasimama mlangoni."

"Mama Wema, umebakiwa na uhai nne tu," akasema Yona.

"Nimekuuliza? Toka."

Zamu ya joka. Elinipa alizishika dadu mpaka zikapata jasho. Kaunta buku lilikuwa pembeni, limelala. Angeweza kuliinua. Akaangalia mfuniko, akarusha.

Sita na tano.

"Limepata," akasema.

Shadia akapiga yowe. Yona akashika kichwa. Mama Wema akachukua harage lake mezani, lile jekundu lililokuwa Nyamwiza, akalifunga kwenye pindo la kanga, fundo, akasimama.

"Haya. Mimi nawahi Kibirizi, leo mitumbwi inatoka."

Akaondoka bila kuangalia nyuma.

Elinipa alirudi nyumbani akajua imekwisha.

Wiki tatu za giza. Usiniambie wiki tatu ni fupi, inategemea nani anazihesabu. Aliandika kwenye grupu lao la joka, "Jumamosi ya mwezi vipi, tupo?" Shadia alisoma, tiki za bluu, hakujibu. Yona tiki moja tu, simu haipatikani. Mama Wema ana kitochi, kisimu cha vitufe kisicho na grupu, alimpigia mara moja, ikaita mpaka ikachoka, hakurudia. Akipita Mwanga kazini anaiona baraza ya Shadia, sare za shule zimening'inia kama pazia, yeye kainamisha kichwa. Elinipa anavuka barabara, anapita upande wa pili. Jumapili mama yake anapiga kutoka Same.

"Umepata marafiki huko?"

"Wapo, mama."

"Wanaitwaje?"

Akawataja wote watatu, majina kamili, mpaka la Chuma cha Mwandiga. Mama akafurahi sana. Simu ilipokatika akakaa kwenye kile kiti kimoja mpaka ugali ukapoa.

Siku moja akatandika tena mchezo wake mezani, apigane peke yake kama zamani. Harage moja halipo. Akatafuta mbadala, akaweka punje ya hindi mahali pa Nyamwiza. Haikukaa vizuri, ilikuwa inateleza. Akaliondolea joka kichwa kimoja, akalipunguzia na uhai, likawa joka la kumpa mtoto. Maharage yakashinda, yakashinda, yakashinda. Alipofika mara ya tano akaacha, hakuandika hata matokeo.

Halafu akachukua simu, akaandika: "Jamani habari njema, kumbe Nyamwiza hakufa, alizimia tu." Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kutuma. Ilikuwa rahisi kiasi hicho! Mama Wema angerudi, kiti kingejaa. Akamkumbuka pale mwaloni, anaitengeneza mizani yake mwenyewe mbele yake, hakubisha. Akafuta neno moja moja mpaka pakabaki peupe. Akakichora kile kichwa cha pili upya kwenye kaunta buku, akarudisha uhai wa joka pale ulipoishia vitani. Tisa.

Mwezi ukawa mkubwa. Jumamosi saa mbili asubuhi Elinipa kapiga pasi shati, kaenda Mwanga na begi lake.

Baraza imefungwa. Kufuli! Shadia, msimu wa sare, shule zinakaribia kufunguliwa, kafunga baraza. Elinipa alisimama mbele ya lile kufuli kama mtu anayesoma tangazo. Muuza vitumbua akamwambia, "Fundi hayupo leo, kasema ana msiba." Basi hata hakuuliza msiba wa nani. Aliona ndiyo namna yao ya kumkwepa kwa heshima. Akageuka, akatembea mpaka Buzebazeba kwa miguu, begi zito kuliko lilivyo.

Akakata kona ya nyumbani, akakuta watu mlangoni kwake.

Mikeka imetandikwa. Moto umewashwa kwenye mafiga, sufuria kubwa juu yake. Shadia kajifunga kanga kiunoni, anaosha vikombe. Yona anashusha viazi kutoka kwenye pikipiki. Majirani kama wanane wamekaa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na Mzee Pastory kavua kofia yake. Akamwona Elinipa, akanyanyuka taratibu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana mwanangu. Mungu akutie nguvu. Ni mama au ni baba?"

Elinipa akaanza kupapasa mifuko kutafuta simu, kwamba Same wamempigia hakusikia. "Nani? Nani amekufa?"

"Si ni Nyamwiza," akasema Mama Wema kutoka kwenye sufuria. "Ulimuua mwenyewe, umeshasahau? Kaa chini."

Mzee Pastory akaachia mkono. "Nyamwiza ndiye nani?"

"Mpiga mkuki."

"Wa wapi?"

"Wa kwenye kaunta buku lake."

Hebu piga picha. Watu wamekatisha shughuli zao, wamevaa kanga za msiba, mtu kaja na sukari, mzee kaleta kuni za kwake mwenyewe, sababu wameona mikeka kwa mpangaji na hakuna aliyeuliza, maana msibani hauulizi, unakaa. Mama mmoja akanyanyuka, akaichukua sukari yake, akaondoka amenuna mpaka mgongo umenuna. Mwingine akamfuata. Elinipa alitamani ardhi immeze.

"Mama Wema, kwa nini hapa?" akanong'ona.

"Ulitaka wapi? Msiba unakaa nyumbani kwa marehemu. Nyamwiza alikuwa na nyumba nyingine zaidi ya kwako?" Akakoroga chai. "Tungekuja mapema, ila mimi nilikuwa na giza, Shadia ana sare, huyu Yona alikuwa Kalinzi anabeba kahawa, huko simu haishiki. Arobaini haijafika, lakini mwezi ndio huu."

"Nilijua mmekasirika."

"Mimi?" Mama Wema akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba, nilisimulia Kibirizi nzima nilivyokufa. Wavuvi wananipa pole mpaka leo."

"Mimi nilikuwa nashona huku nasoma meseji kwa jicho moja," akasema Shadia. "Nikasema tutakuja, kwani tutakosa kuja?"

"Ungeandika hivyo basi," akasema Elinipa, na ilibidi aangalie pembeni.

Mzee Pastory alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Watu wote wakamwangalia, maana yeye akiondoka wote wanaondoka. Akaangalia moto.

"Kuni zangu mmeshawasha," akasema. Akakaa. "Haya, msiba una utaratibu. Wasifu wa marehemu nani anasoma?"

Wakamsukumia Elinipa. Akafungua kaunta buku, akasoma amesimama. Nyamwiza alizaliwa lini, alipita mapango mangapi, alimwokoa nani. Akafika mwisho akasita, akasema yale ambayo hayakuandikwa: kwamba vita vyote vya nyuma alikuwa anamwonea huruma na kuficha dadu, ila hivi vya mwisho vilikuwa vya haki, na marehemu angeweza kukimbia, hakukimbia. Mama Wema akafungua fundo la kanga, akaliweka lile harage jekundu juu ya mkeka. Nakwambia mtu mmoja pale alifuta jicho, na alikuwa hajui hata mchezo wenyewe unachezwaje.

Chai ikapita. Mzee Pastory akanywa nusu kikombe, akafikiri.

"Hilo joka bado lipo?"

"Lipo, mzee."

"Limebakiwa na nguvu ngapi?"

"Tisa."

"Tisa! Na nyie mmekaa hapa mnakunywa chai?"

Basi imekwisha hiyo! Yona anashangilia, Shadia anauliza nani anataka kuwa mganga msaidizi, Mama Wema anatangaza kwamba Nyamwiza ana mdogo wake, amesikia habari za dada, yuko njiani na mkuki wa urithi. Mzee Pastory anataka kuwa chui. Ukimuuliza kwa nini chui, anasema chui haulizwi.

Elinipa akawahesabu. Tisa. Akahesabu tena, kwa kidole, kama haamini.

"Hapana, subirini," akasema. "Mko tisa. Joka la vichwa viwili mtalimaliza kabla halijafumbua macho. Si haki."

"Ongeza vichwa!" akasema Mzee Pastory.

"Vingapi?"

"Vitano!"

"Vitano vitatuua wote, mzee," akasema Yona.

"Kwani mnaogopa msiba? Si mmeshajua kupika."

Wakabishana hapo nusu saa, na Elinipa amepiga magoti kwenye mkeka, kalamu mdomoni, anachora kichwa cha tatu, anafuta, anachora tena. Hakujua jibu. Hajawahi kuwa na hesabu ya watu tisa, maharage yenyewe hayakutosha, ilibidi Shadia akaazime vifungo. Mfuniko wa sado ukawekwa katikati. Mtu akaingia ndani kufuata kile kiti cha plastiki, akajikwaa mlangoni, akalalamika, nani kajaza viatu hapa mpaka hapapitiki?

Kichwa cha tatu kikabaki. Zamu ya kwanza ni ya mdogo wake Nyamwiza.

Basi ndiyo hiyo. Ukimaliza kusoma, mtumie na mwingine naye asome.